Wiki ya Harusi ya Binti Yangu Imeliwa na Boti ya Ugiriki

"Mtumishi anayepelekwa Ugiriki na tajiri wake, akazungushwa visiwani kwa boti ya tanga, kisha akarudi ananung'unika, huyo hana shukrani." Maneno hayo aliyaandika bwana mmoja, wakala wa mizigo wa mtaa wa Deira, kwenye kundi letu la watu wa Pwani tulioko Dubai, na watu wakamshangilia. Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Namjibu.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na minane, natoka Mombasa. Marehemu mume wangu aliuza vitabu vya mtumba, nami nilivisoma kabla havijapata mnunuzi. Ndiko nilikojifunza kubishana. Hapa Dubai nalea mapacha wadogo wa madam mmoja. Nina binti mmoja tu, na nikahi yake ni mwezi ujao. Tarehe tuliipanga kufuata likizo yangu. Tangu Ramadhani nilimwomba madam wiki moja, akasema, "Inshallah, hakuna shida." Wakwe wakaambiwa, ukumbi ukakodiwa.

Kisha ikaja safari ya Ugiriki. Kwenye ofisi ya viza, karani alimuuliza madam mimi naenda kufanya nini huko. Akajibu bila kupepesa macho: "Anakuja kuangalia watoto. Bila yeye mimi sisafiri." Lishikeni jibu hilo.

Sasa, bwana wakala, raha yenyewe ilikuwa hivi. Upepo ukivuma boti inalala upande, mapacha wanatapika, mmoja nimempakata, mwingine nimemkamata ukosi wa jaketi la kuokolea, na ndoo nimeibana kwa magoti. Nililala nao chumba cha mbele, chembamba kama kabati, mnyororo wa nanga ukikwaruza karibu na sikio langu. Jioni tukifunga kwenye gati la kijiji, madam na mumewe, sir, wanavaa, wanavuka ubao, wanakwenda kula pweza wa kuchoma. Mimi nabaki kuogesha watoto kwa maji ya kubania. Visiwa hivyo mnavyovionea wivu nimevitazama kupitia kidirisha, huku nikisikia sahani na vicheko vya watu. Niliteremka nchi kavu mara moja tu, kununua nepi. Nikasimama kidogo kumtazama bibi mmoja akipaka chokaa ngazi za mlango wake. Simu ikalia. Sir: "Yalla, yalla! Watoto wanalia, uko wapi?"

Siku moja bahari ilipotulia, madam aliniambia nishike usukani anipige picha. Nikacheka, kama binadamu yeyote. Akaibandika mtandaoni na kuandika kwamba mimi ni mmoja wa familia. Jamaa zangu Mombasa wakaiona siku ileile.

Tuliporudi nikamkumbusha wiki yangu. Akanishangaa.

"Lakini likizo umeshapata. Si tulikwenda wote Ugiriki?"

"Madam, kule nilikuwa kazini."

"Kazini? Ulikaa juu ya boti unaangalia bahari! Watu wanajinyima miaka kwa safari kama ile. Khalas, mwakani inshallah."

"Harusi haiwezi kungoja mwakani."

"Basi waambie wakurekodie video."

Nikampigia binti yangu. Nilidhani tutalia pamoja. Akaniambia, "Picha nimeiona, mama. Umecheka mpaka jino la mwisho. Wiki ya Ugiriki imepatikana, yangu ndiyo imekosekana?"

"Mwanangu, ile ilikuwa kazi."

"Haya. Shangazi atakaa mahali pako."

Akakata simu. Baba yake yuko kaburini, na mimi niliye hai mahali pangu pa kupokea wageni pameshapata mtu. Hilo ndilo linaloniuma.

Rafiki yangu mmoja, Mkikuyu, askari wa lango anayekaa chumba cha kugawana mtaa wa Discovery Gardens, nilipomsimulia alipiga meza. "Ati likizo? Holiday gani hiyo ya kuosha matako ya watoto wa wenyewe? Huyo jamaa wa Deira apewe hao mapacha wiki moja, tuone kama atarudi na nguo safi!" Nilicheka, kisha nikalia palepale kwake.

Nisikilizeni. Mahali hapageuzi kazi kuwa mapumziko. Askari wa hoteli ya kifahari hajalala hotelini. Nahodha wa boti ile naye alikuwa anazunguka visiwa vilevile, juu ya bahari ileile. Mbona hakuna aliyemwambia kwamba yuko likizo, ashukuru? Kwa nini maneno hayo yanasemwa kwa yaya tu?

Sheria inasemaje najua, msinifundishe. Najua pia wenzangu walioitaja mbele ya waajiri wao na kujikuta uwanja wa ndege na begi moja. Nikiondoka bila ruhusa, kazi imekwisha na ukaazi umekwisha. Nikibaki, binti yangu ataolewa akiamini nilichagua boti. Mliowahi kufika hapa nilipofika, niambieni mlifanya nini. Ila asiniambie mtu nishukuru, na pole zenu sizitaki.

Na nyinyi wanawake wa kundi letu, wake wa wafanyabiashara, mliomshangilia bwana yule: wengi wenu mna binti wa kazi kutoka kwetu hukohuko. Mlimpeleka Salalah, kule Omani, kubeba mtoto na chupa za maziwa, na mnamwambia kwamba ametembea. Yuko jikoni sasa hivi mkisoma haya. Mwiteni. Mwambieni aketi. Muulizeni anataka kwenda kwao lini, na asisimame kabla hamjamtajia tarehe.