Viza ya Kwenda kwa Marlene

Huyu ni Isabel binti Adelino Mikaeli. Babu yake Mikaeli alichonga mtumbwi uliovusha watu Ruvuma wakati wa vita vya Mreno, wala hakumuuliza mtu atampa nini. Baba yake Adelino alifyeka pori nyuma ya Kilambo akapanda mikorosho ambayo korosho zake zinaokotwa mpaka leo. Isabel mwenyewe alizalisha wanawake wa vijiji vitatu kabla zahanati haijajengwa, na hakuna aliyemfia mkononi. Nayataja haya kwa sababu wapo waliosema kachanganyikiwa. Nimekaa naye jirani miaka arobaini na mbili. Hakuchanganyikiwa.

Mama yake, Marlene, alifia ng'ambo ya mto siku ya kuvuka kuja huku, Isabel akiwa na miaka saba. Walimfukia upesi ukingoni, mtumbwi umeshajaa, wakaondoka. Sasa, katika ukoo wao, aliyekufa hapumziki mpaka amwagiwe unga wa mtama uliolimwa kwenye ardhi ile ile alimolala. Na kabla ya unga huo, mtoto wake hatamki kwamba mzazi amekufa. Mwana ukoo atakayetamka kwanza, unga ni wake kuulima na kuubeba.

Miaka mitatu iliyopita kinu cha Isabel kilianza kutwanga chenyewe. Saa saba mchana, jua limesimama, unasikia uani: du, du, du. Unatoka, kinu kimelala ubavu na kuku wanakipita. Mimi nilisikia mara mbili, nikarudi kwangu bila kuaga. Isabel alizoea kujibu. "Nakuja, mama," anasema, huku anachambua mboga.

Mwaka jana, mvua zikikaribia na ng'ambo kumetulia kidogo, akasema anakwenda kulima. Tukafuatana mpaka Chuno, kwa Abdallah mwenye steshenari, anayewajazia watu maombi ya viza kwenye kompyuta. Celia, binti yake Isabel, aliacha genge lake la nyanya lililo hapo nje akaja kutusikiliza.

"Kwa siku chache unagongewa muhuri tu mpakani," Abdallah akasema. "Viza ya nini, mama?"

"Mtama unaiva kwa siku chache?"

"Hauivi."

"Basi mimi nakaa mpaka nivune."

Abdallah akakuna kidevu. "Hapo ni viza. Na zipo aina: utalii, biashara, kazi, kutembelea ndugu. Chukua utalii, mama, ukapige picha na viboko."

"Viboko nimewakimbia toka mdogo. Leo nikapige nao picha?"

"Weka kazi," Celia akasema. "Si anakwenda kulima?"

"Kazi wanataka barua ya tajiri. Huyu kaajiriwa na nani?"

"Na mama," Isabel akajibu. Tulicheka wote isipokuwa yeye.

Ikawekwa kutembelea ndugu. Jina la mwenyeji? Marlene. Umri? Alimzidi Isabel miaka kumi na tisa. Abdallah akahesabu, akaona ni bibi wa themanini na kitu, akaendelea kubonyeza.

"Namba ya kitambulisho chake. Na barua ya mwaliko, aitie saini."

Isabel akafunga upya ncha ya kanga yake.

"Kama hajui kuandika, atie dole gumba."

"Hawezi."

"Mama, bibi yupo au hayupo?"

"Yupo alipo," Isabel akasema.

"Nikijaza uongo humu, wewe ndiye utakayekataliwa. Pengine hata ule muhuri wa mpakani usiupate tena."

Isabel akashika ukingo wa meza. Akisema kweli, kavunja mwiko wa mama yake, akificha, hafiki. Celia alikuwa anatazama nyanya zake kule nje, mteja amesimama.

"Kaka Abdallah, bibi alikufa," akasema. "Zamani, wakati wa Mreno. Andika mjomba Leonel. Yuko kule kule ng'ambo, kijiji alikozikwa bibi, kitambulisho anacho, na barua ataleta."

"Mngesema toka asubuhi. Kutembelea ndugu ndiyo yenyewe, mwenyeji Leonel."

Isabel akamzuia mkono. "Usiandike jina langu tena," akamwambia, na macho yake yalikuwa kwa Celia.

Celia aliyaita hayo mambo ya kizamani. Siku ya nne alifika kwa mama yake mchana, ameacha genge wazi. Alikaa kizingitini, kanga imemwanguka begani.

"Pale gengeni hakuna kinu," akasema. "Mama, pale hakuna kinu."

"Saa saba?"

"Saa saba. Chini ya meza."

"Huku kwangu kumekuwa kimya toka siku ile," Isabel akasema, na sikujua ni afueni au wivu niliousikia.

"Genge langu je? Na watoto?"

"Gengeni atakaa Sharifa wifi yako. Watoto watalala hapa." Akaingia ndani, akatoka na mbegu ya mtama ndani ya kitambaa, akampakatisha. "Utapanda karibu na kichwa chake, Leonel atakuonesha. Palizi usimpe mtu. Ukisaga usionje. Kesho rudi kwa Abdallah, ukajaze kwa jina lako. Akikuuliza unakwenda kwa nani, mwambie kwa Leonel. Akikuuliza kufanya nini, usimfiche, maana wewe unaruhusiwa kusema."