Shukrani Kabla ya Kisu

Kanisani kwetu, hapa Nyasura, Bunda, shukrani ina utaratibu wake. Kwanza unapatwa na jambo. Kisha Mungu analitatua. Kisha unampa katibu taarifa, mnavaa vitenge vya sare wewe na ndugu zako, mnaingia mkicheza kutoka mlangoni hadi mbele mkiwa na kuku na mtama, na unaeleza ulichotendewa: ng'ombe aliyeibwa amepatikana, mtoto amefaulu, mguu umepona. Sikuwahi kuona mtu akiruka hatua ya pili. Mama yangu aliiruka.

Nilikuwa na goita. Ilipoanza nikaifunika kwa mtandio, ilipofika ukubwa wa limao nikanunua mtandio mpana zaidi. Nafundisha darasa la kwanza hapa Bunda, na kwenye kwaya naimba soprano. Kwa hiyo daktari wa Musoma aliponieleza kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita jirani kabisa na mahali atakapokata, nilimuuliza kama sauti yangu itabaki. Akasema, "Tutajitahidi." Daktari akisema tutajitahidi, mtu unaanza kuangalia mlango uko wapi.

Nilipangiwa tarehe, nikasema shule ina mitihani. Nikapangiwa nyingine, nikasema nina mafua. Goita haikuwa na mitihani wala mafua, ikaendelea na kazi yake, mpaka nikawa siwezi kulala chali bila kukabwa. Nikapangiwa tena. Safari hiyo visingizio viliniishia, nikampigia mama simu kijijini kwake, huko Butiama, nikamwambia ukweli kwamba naogopa. Nilitarajia pole.

"Operesheni ni lini?" akauliza.

"Jumatano."

"Basi Jumapili tunakuja kushukuru."

"Kushukuru nini, mama? Sijapona."

"Nimesikia hujapona. Nunua sukari, tutakuwa wengi." Akakata simu.

Walikuja kweli, shangazi na wajomba na watoto wao, wote kwenye kitenge cha kijani, mama mbele akiwa na kuku kwapani. Na mimi nilishonewa gauni la kitenge hicho. Nilikasirika sana, lakini nililivaa, maana kugombana na shangazi zangu asubuhi kabla ya chai ni kazi kubwa kuliko kuvaa gauni.

Katibu alikuwa amemwambia mchungaji kwamba mwalimu wa goita ana shukrani. Mchungaji akamalizia hesabu mwenyewe. Tulipofika mbele, mimi nikicheza kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni, akashika kipaza sauti.

"Bwana asifiwe! Mwalimu wetu alikuwa anateseka na goita. Leo goita iko wapi?"

"Haipo!" kanisa likaitika.

"Mwalimu, toa mtandio, shetani aaibike!"

Nikatoa mtandio. Goita ilikuwepo. Ilikuwa imetulia mahali pake, na kwa mwanga wa dirishani nadhani ilionekana vizuri kuliko siku zote. Mpiga kinanda, aliyekuwa tayari kuingia na wimbo wa furaha, alibonyeza mara moja akaacha. Kanisa zima likawa kimya, isipokuwa kuku.

Mama akakichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa mchungaji, bila haraka.

"Hajapona. Anakatwa Jumatano," alisema. "Mimi nashukuru ya nyuma. Huyu alipozaliwa hakulia. Wakampiga, hakulia, mkunga akaanza kumfunika. Ndiyo akalia. Nashukuru alilia. Alikuwaga anafukuza mbuzi kwenye mihogo kwa kelele tu, akiwa amekaa mlangoni, hata kunyanyuka hanyanyuki. Nashukuru hizo kelele. Macho yangu yalivyoharibika, yeye ndiye ananisomeaga Neno, na nikisinzia ananigombeza. Nashukuru hata huko kunigombeza. Mungu, hii sauti nimeitumia sana. Asante. Amina."

Akamkabidhi mchungaji kuku. Mchungaji akatuombea kwa kifupi, jambo ambalo si kawaida yake.

Nilibaki pale mbele, shingo wazi, watu wananitazama, na nikagundua kwamba hofu imepungua. Sikuelewa kwa nini, na hadi leo sina maelezo ya kutosha. Ninachojua ni kwamba kwa miezi mingi niliifikiria sauti yangu kama kitu nitakachonyang'anywa, na haikuwahi kunijia kwamba ni kitu nilichopewa. Nilikuwa nimesahau kabisa habari za mbuzi.

Jumatano nilikwenda. Sikuwa shujaa, miguu ndiyo ilikubali. Nikiwa kitandani nasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji, nilijaribu kusali kuomba nipone, sala ikagoma. Nikaanza kushukuru, nikaona inakwenda: kwa darasa zima linaloniamkia kwa kupiga mayowe, kwa wimbo wa Pasaka tuliouharibu sote kwa pamoja, kwa ugomvi wote nilioshinda kwa sababu tu nina sauti kubwa. Nilikuwa bado kwenye ugomvi usingizi uliponichukua.

Kesho yake daktari aliniambia niseme "aaa". Ikatoka sauti ya mlango mbovu, lakini ikatoka. Akaridhika, akaniambia itarudi taratibu na kwamba kwa sasa ninyamaze. Alipoondoka tukabaki mimi na mama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na hakika kwamba sitamkatiza.

"Mwanangu," alisema, "pale kanisani wanasema nina imani kubwa. Hakuna. Nilikuwa naogopa. Nilijua ukifia humo ndani, mimi kushukuru sitaweza tena. Nitamkasirikia Mungu mpaka nizikwe. Nikaona bora anisikie kwanza, moyo wangu ukiwa bado mzuri."

Kisha akalia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia hata tulipomzika baba.

Nilijisogeza ukutani nikampa nafasi. Akavua kandambili, akapanda, akalala kando yangu kwenye kile kitanda chembamba. Muuguzi alipita, akatutazama, akaenda zake. Nikaushika mkono wa mama, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba mwoga huyu ndiye aliyenizaa.