Ratili za Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, wa kwanza kupimwa nilikuwa mimi. Meneja wa kiwanja, Mzungu mrefu asiyevua kofia hata akila, alinisimamisha juu ya mizani ya kahawa, akasogeza kijiwe cha chuma mpaka mkono wa mizani ukatulia, akasoma ratili mia na thelathini na moja. Kisha akapanda yeye, akaniamuru nisome. Nikasoma, naye akarudia kusoma mwenyewe asije akadanganywa na Mwafrika, akakuta sawa. Akaniambia kazi ni yangu. Kwa ninyi mliozaliwa na kilo, ratili mbili hazifiki kilo moja, zapungua kidogo.

Zilikuwa zama za Mwingereza, baada ya vita vya Hitla. Nilikuwa nimepima kahawa ya walowezi kule Mbozi misimu mitatu, kwa hiyo mizani haikunitisha. Kilichonitisha ni ndege. Kiwanja chetu kilikuwa nje kidogo ya kijiji cha Mpemba, karibu na mpaka, uwanja wa nyasi tu uliofyekwa, na mwisho wake shamba la mahindi la mzee mmoja aliyekuwa akitulaumu kila siku kwamba kelele zinamtishia kuku. Upande mmoja palikuwa na mlingoti wenye mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unatoka wapi. Upande mwingine, banda la bati lenye mapipa ya petroli, mizani yangu, na chumba cha marubani.

Kampuni ilikuwa ndogo, ndege tatu, kila moja injini moja na viti vitano pamoja na cha rubani. Zilitoka Mbeya, zikatua kwetu, zikavuka mpaka kwenda Abercorn na Kasama, na mara nyingine Ndola. Zilibeba barua, wamisionari, walowezi, na makarani wa ofisi ya kuandikisha watu wa migodini. Kazi yangu ilikuwa kupima kila kinachoingia, mtu na mzigo, kisha kuandika kwenye karatasi ya uzito. Rubani alijumlisha na petroli, akaangalia joto la siku, akaamua kama ndege itanyanyuka au haitanyanyuka. Nchi yetu iko juu, hewa yake nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, basi mabawa hayapati cha kushika. Ndege iliyoruka asubuhi bila shida, saa saba mchana na mzigo ule ule yaweza kukataa.

Watu walidhani mizani ni jambo la adabu tu. Kila msafiri aliruhusiwa ratili thelathini za mzigo, na kila msafiri alijua namna ya kuzikwepa. Nimemwona karani mwenye makoti matatu. Nimemwona padri mwenye misumari mifukoni. Ndiyo maana nilimpima mtu na nguo zake zote, kama alivyo, wala sikumsikiliza. Wenzangu wakaniita Bwana Ratili, na mimi sikukasirika. Sikuwa mtu wa makisio. Hata leo nikimwona kijana anatazama gunia na kusema "hili kama debe tano hivi," damu inanichemka.

Sasa niwaambie habari za marubani, maana vijana mnadhani rubani ni mtu mkubwa. Waliokuja kwetu walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wenye saa chache. Rubani hahesabiwi kwa miaka, huhesabiwa kwa saa alizokaa angani, na kila saa huandikwa katika daftari lake. Kampuni kubwa za Nairobi hazikuchukua mtu mpaka daftari lijae. Basi walikuja kwetu kukusanya saa kama kijana anayekusanya ng'ombe wa mahari, na kampuni ilijua hivyo, ikawatumia. Walilala chumba kimoja na harufu ya petroli. Waliosha ndege wenyewe, walibeba magunia, waliruka na homa. Aliyelalamika aliitwa na Meneja, na maneno yalikuwa yale yale siku zote, kwamba Nairobi wapo wengi wanaongojea kiti chake.

Katika hao alikuja Bwana Kolini. Alikuwa mwembamba, masikio yameungua na jua, mwepesi wa kucheka. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, lakini alikitumia bila aibu, na alikuwa Mzungu wa kwanza kunisalimu "mwapoleni" kama watu wa kwetu. Asubuhi alinionyesha daftari lake na kunihesabia saa zilizobaki. Wiki ninayoisimulia zilibaki kumi na tisa. Barua ya kampuni kubwa alikwisha kuipata, iliyosema njoo daftari likijaa.

Alinipenda kwa sababu ya mizani yangu. Marubani wengine walirudia kupima mzigo mmoja mmoja kunijaribu. Yeye alijaribu mara mbili, akaacha. Alisema karatasi ya Ratili ni kama Biblia, nami nikavimba kichwa.

Mke wangu, Mama Esta, ni mtu wa Mbebe, kule milimani Ileje. Kaka yake mdogo alikwenda migodini Ndola, na jiwe likamwangukia mguu. Ofisi iliyomwandikisha ikaleta habari kwamba yu mahututi, tena ikakubali kumpeleka mama yake kwa ndege, jambo ambalo halijapata kutokea kwetu. Mama mkwe wangu alitembea siku moja na nusu kuja Mpemba. Akalala kwangu, yaani katika nyumba ya shangazi yangu, maana chini ya paa langu hawezi kulala.

Hapa lazima nieleze, maana siku hizi naona wakwe wanakula sahani moja na hata kucheza dansi. Zamani zetu mwanamume hakumkaribia mama mkwe. Mkikutana njiani, yeye anaingia majanini, wewe unageuza uso. Jina lake hulitamki. Neno lako kwake hupita kwa mkeo, na lake vile vile. Nilimwona mama yule siku ya harusi yangu, kwa mbali, na tangu hapo miaka kumi na miwili sikuwa nimemtazama. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, na mimi niliishika kwa sababu nilimpenda mke wangu.

Siku ya safari ndege ilichelewa. Bwana Kolini alikuwa amekwisha kuruka mara mbili tangu alfajiri, na alipotua kwetu jua lilikuwa utosini. Nilimsikia akimwambia Meneja kwamba afadhali wangoje jioni hewa ipoe. Meneja akamjibu kwamba makarani wana haraka na ndege ina kazi kesho, na kama yeye anaona joto, Nairobi wapo wengi wasioliona. Bwana Kolini akaenda kujaza petroli. Mtu aliyebakiwa na saa kumi na tisa hubishana na nani?

Nikawapima makarani wawili. Nikapima mfuko wa barua. Akabaki mama mkwe, amesimama nyuma ya banda kanipa mgongo, amejitanda vitenge juu ya vitenge, na Mama Esta pembeni yake.

Mizani ile ilikuwa ndogo. Kumpima mtu lazima usimame naye uso kwa uso, kifua karibu na kifua, usogeze kijiwe huku ukimwambia asitikisike. Nilimwambia Mama Esta kwa sauti ndogo ampandishe yeye. Akaniuliza atasomaje, naye hajui namba za Kizungu. Ningeweza kumwita Bwana Kolini, alikuwa hatua ishirini tu, anachuja petroli kwa ngozi laini ili maji yasiingie. Ingekuwa kazi ya dakika moja. Lakini niliona haya. Nimwambie Mzungu nini? Kwamba Bwana Ratili, asiyeamini mifuko ya padri, anamwogopa mwanamke mzee? Kwamba sisi ni washenzi? Nikafunika mizani.

Nikaandika ratili mia na kumi. Si kwamba nilikisia ovyo, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikumbuka. Nilimkumbuka siku ya harusi, mwanamke mwembamba kando ya ua, nikaandika uzito wa siku ile.

Bwana Kolini akaja, akachukua karatasi.

"Wewe pima yote, Ratili?"

"Yote, bwana."

Akajumlisha, akasema ni sawa, lakini ni sawa ya kubana sana. Akanipiga begani, akapanda.

Ndege ilikimbia kiwanja chote. Mimi niliyezoea niliona mapema kwamba mkia unachelewa kunyanyuka. Ikaruka kimo cha mtu, ikaning'inia pale kama inayowaza, kisha ikashuka taratibu ndani ya mahindi ya mzee. Mguu mmoja wa gurudumu ukakatika, bawa likachimba udongo, ikazunguka, ikanyamaza. Nilikimbia huku naomba Mungu.

Hakuna aliyekufa. Karani mmoja alivunjika mkono, Bwana Kolini alichanika paji la uso. Mama mkwe alikaa kati ya mabua, mzima, akilia kwamba mwanawe atakufa hajamwona. Nami nikamtazama. Jicho la mpimaji halikuomba ruhusa. Alikuwa amenenepa kama wanavyonenepa akina mama wa milimani, si chini ya ratili mia na sitini. Mama Esta alikuwa akimfungua haraka haraka vifuko kiunoni: unga wa ulezi, maharage, karanga, chumvi, chakula cha kwao kwa ajili ya mgonjwa. Baadaye, peke yangu bandani, nilipima vifuko vile. Ratili hamsini na saba.

Nilimuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia.

"Mama alisema mwenye mizani ni mkwe wake, hatampima," akanijibu. "Nikaona ni kweli, Baba Esta. Mimi nikuambie habari za kiuno cha mama?"

Angesema vipi, na mimi ningeuliza vipi? Kesho yake mama akaondoka kwa lori na vifuko vyake. Alimkuta mwanawe hai, amekatwa mguu.

Baada ya siku chache akaja Afisa wa Ndege kutoka Dar es Salaam, mtu mpole mwenye miwani. Alikaa bandani, Meneja upande mmoja, Bwana Kolini mbele yake na bandeji kichwani. Akaninyoshea karatasi ya uzito, akauliza kwa Kiswahili kizuri kama uzito huu wote umepimwa kwa mizani.

Nilikuwa na watoto wawili. Nilikuwa na jina. Na kusema kweli maana yake ilikuwa kuutaja mwili wa mama mkwe wangu mbele ya wanaume watatu, huku mmoja anaandika.

"Umepimwa wote, bwana," nikasema.

Afisa akamgeukia Bwana Kolini. Kama uzito ulikuwa sawa, basi ni namna alivyorusha. Meneja akaongeza kwamba ndiyo taabu ya vijana wenye saa chache, hata hakutaja kwamba yeye ndiye aliyekataa kungoja jioni. Bwana Kolini hakujitetea. Akanyang'anywa ruhusa ya kubeba abiria, na barua ya Nairobi ikawa karatasi tu.

Asubuhi aliyoondoka alipita bandani kuniaga. Nilikuwa nimeinama nafagia pasipo na taka.

"Mimi sikia ndege nzito," akasema. "Mkono yangu sema nzito, mimi taka simama. Lakini karatasi yako sema sawa, na wewe hapana kosa, Ratili. Basi kosa ni yangu."

Akanipa mkono. Nikaupokea. Kinywa changu kilikuwa na maneno yote, nami nikamtakia safari njema. Akapanda lori la Mbeya, na sikumwona tena.

Miezi sita baadaye nilipandishwa cheo kwa uaminifu. Nikahamishiwa Mbeya kuwa mpimaji mkuu, chini ya Mkuu wa Mizigo, Mgoa mkali lakini mwenye haki. Uhuru ulinikuta huko. Baadaye nikapelekwa Tabora, kisha Dar es Salaam, nikafundisha vijana kupima. Niliwafundisha vizuri. Niliwaambia apandishwe kila mtu, awe waziri au askofu, na wakiuliza kwa nini nilikuwa mkali kiasi kile, nilisema ndiyo sheria. Nilistaafu nikapewa saa ya ukutani na sifa nyingi. Kila aliyesimama kunisifu alisema huyu hajakosea karatasi hata moja, na mimi nilitazama viatu vyangu.

Nimejiuliza sana ningefanya nini. Heshima ya mkwe siijutii, na sitaki msomaji aicheke. Ningeweza kuilinda na ya kijana yule pia, kwa hatua ishirini tu kwenda kumwita. Nililinda sifa yangu, nikaiita heshima. Saa kumi na tisa za mtu mwingine zimo ndani ya sifa hiyo. Nilipotafuta anwani yake nilikuwa nimechelewa, kampuni ilikwisha kufa na makaratasi yake yametupwa.

Mama mkwe alifariki mwaka niliorudi nyumbani. Kwa desturi yetu, siku ya mazishi mwiko hufunguliwa, na wakwe ndio hubeba jeneza. Nilishika pembe ya mbele, kulia, tukapanda naye kilima cha Mbebe. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza. Tulipomweka chini kando ya kaburi, mikono yangu ilikwisha kufanya hesabu yake bila kuniuliza: ukitoa mbao, mama yule alikuwa amebaki ratili mia na kumi.