Kamba ya Dingiri Menike Yafika Kwenye Tuta la Shemeji

Kigingi kinakataa kuingia. Dingiri Menike anakigonga tena kwa kisogo cha shoka, udongo mkavu unapasuka, nacho kinazama kidogo. Upande wa pili wa jaruba la mpunga, Kusumalatha ameshika ncha ya kamba na anaivuta kwa nguvu zote.

"Taratibu, mwanangu! Tunapima jaruba, hatuburuti nyati."

Ni saa tisa alasiri. Mvua za mwisho wa mwaka hazikujaza bwawa la kijiji. Maji yamefika theluthi tu. Hayawezi kushuka hadi majaruba ya mkiani, mwisho wa mfereji. Kwa hiyo mkutano umeamua kama walivyoamua mababu: msimu huu utalimwa upande wa juu peke yake, karibu na lango la maji, na kila familia ikatiwe kipande humo.

Kazi ya kukata vipande ni ya Dingiri Menike, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, mgawa maji aliyechaguliwa na wakulima wenzake. Alianza na jaruba lake mwenyewe. Amebakiwa na chini ya nusu.

Yeye alizaliwa mkiani, kisha akaolewa huku juu. Alipokuwa msichana, mradi mmoja ulikuja kujenga mfereji wa saruji, na kwa miaka kadhaa watu wakaacha kugawana, wakidhani maji yatawatosha wote. Ukame ulipokuja, baba yake alikwenda kutafuta kibarua mjini. Hakurudi.

"Mfereji ni mzuri, mpaka leo hauvuji," anasema. "Lakini saruji haiwezi kumwambia mtu asogee ili jirani yake apate nafasi."

Kusumalatha, mama wa watoto wawili, naye ni wa mkiani. Kibarua cha kung'oa vitunguu kinampa rupia elfu mbili kwa siku, nacho hakipatikani kila siku. Wakala amemtafutia kazi ya ndani Kuwait na anataka jibu. Akipata kipande, atabaki.

Kipande chake kinaangukia kwa Ukkubanda, mwenye jaruba kubwa kuliko yote ya juu, ambaye hakuhudhuria mkutano. Sasa amesimama juu ya tuta lake, mwavuli begani.

"Shemeji, hiyo kamba yako haina macho? Haioni mipaka ya watu?"

"Macho inayo, shemeji. Masikio ndiyo haina. Piga kelele upendavyo."

Kusumalatha anacheka, kisha anainamisha uso.

Ukkubanda hacheki. "Miaka minne nimebeba samadi kwa kichwa changu. Mtu aje avune, aniachie udongo mtupu?"

Dingiri Menike anaweka shoka chini. Hasemi kwamba shemeji yake ni mchoyo. Anajua samadi hiyo, alimwona akiibeba. Anammiminia chai ya rangi na kumpa kipande cha sukari guru.

"Una haki ya kuuliza. Muulize mwenyewe, huyo hapo."

"Nina ng'ombe wawili, baba," anasema Kusumalatha. "Nikishavuna, samadi yao yote italetwa hapa. Nitaibeba mimi."

"Wawili! Wale waliokonda? Wanatoa samadi au wanaahidi tu?"

"Wakila majani ya matuta yako watatoa, baba."

Ukkubanda anatafuna sukari guru, anakunywa chai hadi tone la mwisho, anarudisha kikombe.

Kamba inafika kwenye tuta lake jua likiwa limeinama. Kimebaki kigingi kimoja. Dingiri Menike anakilaza juu ya tuta bila kukigonga.

"Mkutano umeniruhusu," anamweleza Kusumalatha kwa sauti ya chini. "Lakini nikikigonga mimi, wewe utalima msimu mzima ukiangalia nyuma. Nataka maji yafunguliwe wiki hii, na ulime ukiangalia mbele."

Wanakusanya vikombe. Simu ya Kusumalatha inalia: wakala. Anaitazama, anaiacha ilie.

Wanakaribia kuondoka Ukkubanda anapoita kutoka juu ya tuta.

"Shemeji! Kesho njooni mapema, kabla jua halijawa kali. Na hilo shoka liache nyumbani, linapasua vigingi. Nitakuja na nyundo yangu."

Dingiri Menike anamgeukia Kusumalatha, ambaye tayari ameanza kukunja kamba.

"Iache hapo hapo ilipo," anamwambia. "Tutaanzia hapo."