Nilivyochuchumaa mbele ya wateja wangu kwa sababu ya mpishi "wa serikali"

Wakuu, asalaam aleikum, na ndugu zetu wa bara hamjambo. Hili sikuhadithiwa. Limenipata mimi, ndani ya hoteli yangu mwenyewe hapa Bombolulu, na mashahidi mpaka leo wanakula mbaazi zangu.

Kwanza mnijue. Shule niliachia darasa la tano. Nilianza na karai moja la viazi kando ya barabara. Leo nina hoteli mbili, na wenye digrii wananiita bosi.

Haya tuendelee.

Mwaka juzi nilitafuta mpishi. Akaja mama mmoja wa Junda, Kadzo, mpole, macho chini. Nikamfanyia intavyuu.

"Kabla ya hapa ulikuwa wapi?"

"Serikalini, bosi. Miaka miwili. Nilikuwa jikoni, napikia watu mia mbili."

"Na nyumba?"

"Kulala, kula, yunifomu, vyote vya serikali."

Wallahi nilivimba kichwa. Mimi wa darasa la tano, leo naajiri mtu wa serikali! Tangu hapo nikamwita Bi Kadzo. Kila mteja nikamwambia, hiyo chapati imetoka kwenye mkono uliopikia wakubwa.

Na chapati zenyewe, wacheni tu. Miezi miwili hoteli ikawa haina kiti.

Mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, akaingia mama mmoja mnene, viatu vyeusi vinang'aa. Akaita kwa sauti nzito, "Kadzo!"

Mpishi wangu akaweka sinia chini. "Abee, afande!" Akachuchumaa pale pale sakafuni.

Nikawaza haraka: huyu lazima ni mkubwa wake wa kazini, na huko kwa wakubwa ndivyo wanavyoamkiana. Sikutaka kuonekana mshamba.

Nikachuchumaa nami.

Yule mama akaniangalia. "Na wewe baba, umetoka lini?"

"Kutoka wapi, mheshimiwa?"

"Jela."

Wakuu! Hoteli nzima iliangua kicheko. Kuna fundi mmoja chai ilimtokea puani.

Kumbe ni askari wa jela alikofungwa Kadzo, na huko mfungwa akiitwa huchuchumaa. Afande mwenyewe hakuwa na ubaya, alikuja kula tu. Lakini Kadzo alishavua aproni. Nikamfuata nyuma, nikamkuta anakunja leso yake, hata halii.

"Sikukudanganya, bosi. Hii ni kazi ya nne. Zote huwa nzuri mpaka siku ninapotambuliwa."

"Ulifungwa kwa nini?"

"Nilipika pombe ya chang'aa. Watoto walikuwa hawana karo."

"Kumbe kupika ulianza kitambo."

Hakucheka. Akashika njia ya mlango wa uani. Mimi nasikia kule mbele bado wananicheka, na unga umekandwa nusu.

Nikamwambia, "Mama, vaa aproni. Mimi nishachuchumaa, sasa unaniacha na nani?"

Hapo ndipo nilipoyaona meno yake mara ya kwanza.

Kesho yake alikuja na kikombe chake cha chai kutoka nyumbani, akakitundika kwenye msumari jikoni. Huu mwaka wa pili, kingali pale.

Funzo nililopata: kina mama hawa waliotoka jela kazi wanaijua sana, ila wanafanya roho mkononi, wakingoja siku ya kutambuliwa. Ukishajua, mwambie waziwazi kwamba unajua na bado unamtaka. Utaona anavyotulia.

Wenye hoteli, saluni na vibanda, semeni ukweli: wewe ungemrudishia aproni? Na wa kunicheka anicheke, nimezoea.