Waliosaidia Kushona Bawa

Siku ya kwanza kazini niliharibu bawa. Nalisema mapema, maana ninyi vijana wa hapa Sydney mkisikia mtu mzima anasimulia kazi yake mnadhani alizaliwa anaijua. Karakana ilikuwa St Marys, nami nilitoka Fairfield kwa treni mbili. Tulitengeneza nakala za ndege za mwanzo kabisa, zile za mbao, waya na kitambaa, ambazo wenye nazo huzirusha kwenye maonyesho. Mimi, fundi makochi kutoka Tanga, nikavuta kitambaa kikakazika kama ngoma. Mkuu wa Karakana, mzee wa maneno machache, akanisimamisha.

"Legeza, Mama. Tukishapaka dawa kitajivuta chenyewe."

Dawa yenyewe ni vanishi kali inayokaza kitambaa ikikauka. Sikumsikiliza. Asubuhi yake mbavu mbili, yaani vile vipande vya mbao vinavyolipa bawa umbo, zilikuwa zimevunjika. Hakunifokea. Alinifundisha pia kufunga kitambaa kwenye kila ubavu kwa uzi wa nta, kila mshono na fundo lake, ili uzi ukikatika mahali pamoja kwingine kushike.

Ni yeye aliyeniambia kwamba wale ndugu wawili wa Kimarekani, mafundi baiskeli waliorusha ndege ya injini, walikaa kwenye cherehani wakashona mbawa zao wenyewe. Vitabuni mnasoma injini tu. Cherehani hamwambiwi, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Mkuu alipostaafu akaja Meneja wa Uzalishaji, mtu wa haraka. Kulikuwa na ndege ya kuruka Jumamosi. Jumatano akaniambia niache kufunga mbavu za bawa la kushoto, gundi inatosha.

"Gundi itaachia," nikamwambia. "Na kuna mtu atakaa humu."

"Wewe ni mshonaji, Mama. Uhandisi tuachie sisi."

Nikampigia simu rubani mwenyewe, mwanamke wa makamo aliyezoea kunywa chai nasi akina mama washonaji, nikamweleza yote bila kupamba. Alhamisi akaja, akaagiza ndege ifungwe chini na injini iwashwe. Upepo wa pangaboi ulipopiga, kitambaa cha bawa la kushoto, kilichoshikwa na gundi tu, kikavimba, kikabanduka kwenye mbavu mbele ya macho yetu. Nilishona siku mbili, rubani kakaa kando yangu akinipakia uzi nta.

Jumamosi ndege ilitua salama. Meneja akashika kipaza sauti, akawashukuru wavumbuzi, wahandisi, wafadhili, "na akina mama waliosaidia." Waliosaidia! Jamani, tulimsaidia nani, na yeye ndiye aliyetaka kuua mtu?

Sasa nimestaafu. Wajukuu hunijibu kwa Kiingereza kwamba yamepita, nipumzike. Hayajapita. Ninyi mnaoogesha wagonjwa kule hospitali ya Westmead nanyi mnaitwa wasaidizi, na mkiona kosa mnaambiwa si kazi yenu. Semeni tu, wakasirike wanaokasirika.

Siku yangu ya mwisho kazini Meneja alinipa kadi: "Asante kwa msaada wako." Nikairudisha mezani kwake, nikamwambia ampelekee rubani aisahihishe. Wiki iliyofuata ilinifikia kwa posta. Maneno ya Meneja yalikuwa yamekatwa kwa mstari, na chini yake rubani ameandika kwa mkono wake: "Mama huyu ndiye aliyeshona bawa lililonirudisha kwa wanangu."