Dawa ya Mende Shambani kwa Mama

Mume wangu ni mtu wa Mji wa Kale. Kwake, chochote cheusi kinachokimbia ni mende, na mende hana dawa ila sumu.

Siku moja tulivuka daraja la Makupa kwenda bara kwa mama yangu, mwenye kishamba cha mchicha anaoupeleka sokoni Marikiti. Mchicha huo ndio unaompa riziki, na ndio niliokuwa nikimpondea mwanangu tangu aanze kula. Mama hachomi majani makavu. Huyatandaza baina ya matuta, na pembeni huacha ukanda wa nyasi. Humo hukaa mbawakawa weusi wenye miguu mirefu. Giza likiingia hutoka kula sota, wale viwavi wanaokata miche shinani.

Mama alikuwa msibani kwa jirani. Mume wangu akainua majani, akaruka.

"Lo! Mamako anafuga mende!"

Nikacheka. Nikamwambia afanye atakavyo. Hilo nalijutia mpaka leo. Akanunua sumu, akanyunyiza kote, akayakusanya majani akayatia moto, nyasi akazifyeka. Shamba likawa tupu kama ua unaongojea wageni wa harusi.

Mama aliporudi alilitazama shamba. Kisha akasema, "Ahsante, baba. Umejitahidi."

Mkwe hakaripiwi, ati! Na bwana huyo akavimba kichwa, akaahidi kurudia kila mwezi.

Wiki mbili baadaye mama akanipigia simu. Miche yote mipya imelala chini, kama iliyokatwa kwa makasi. Na ule mchicha mkubwa uliosalia, nisimchumie mtoto, una sumu.

Nilimgeukia mume wangu.

"Si alinishukuru?" akasema.

"Hata ungemchomea nyumba angekushukuru! Wewe ni mkwe!"

"Basi nitanunua dawa ya hao sota."

"Dawa tena? Waliokuwa wakiwala umewaua wewe!"

Jumapili nikampeleka, nikamkabidhi kopo. Kila penye mche uliolala, achimbe kwa kidole amtoe sota. Jua likamchoma. Sikumsaidia.

Mama akaja na gunia la majani makavu, akalimwaga kati ya matuta. Akasema kwa upole ule ule, "Baba, haya usiyachome."

Sijawahi kumsikia akimkataza mkwewe neno, kabla ya hapo wala baadaye.

Kila niendapo huinua majani. Mpaka sasa nimewaona mbawakawa wawili tu.